TABIA ZA WACHUMBA

Somo kwa vijana wanaojiandaa kwa ndoa, na kwa wale waliokwisha kufunga ndoa

Zamani wazee walipoletewa posa waliulizia kwanza ukoo wa mchumba: Je, ni watu wa kazi? Je, ni walevi? Je, wana amani na jirani zao? Siku hizi vijana wengi hujiulizia wenyewe, nao wanalo swali jipya: “Wewe ni mtu wa namna gani?” Hufungua simu, hujibu maswali kadha wa kadha, kisha hupewa herufi nne au jina la tabia yao, pamoja na orodha ya tabia zinazopatana nayo na zisizopatana nayo. Wako wanaolipokea jibu hilo kama mchezo tu. Lakini wako pia wanaolisadiki, hata wakaanza kumtilia shaka mchumba mwema kwa kuwa herufi zake hazikulingana na zao. Jambo hili lahusu ndoa, na ndoa ni ya maisha yote. Kwa hiyo yafaa tulipime: lipi ndani yake ni kweli, na lipi si kweli.

Asili ya mafundisho haya

Kugawanya watu kwa tabia si jambo jipya. Waganga Wayunani wa kale, wafuasi wa Hippocrates, walidhani kwamba mwili wa mtu una maji ya namna nne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na belghamu. Galen, mganga mashuhuri wa karne ya 2 baada ya Kristo, aliyaeneza mawazo hayo. Waarabu nao waliyapokea. Ndiyo maana hata neno letu belghamu tulilipata kwao, nao walilipata kwa Wayunani. Madaktari wa leo wameiacha kabisa elimu hiyo ya maji manne, lakini majina manne ya tabia yamebaki, na mapadre wengi waliyatumia katika kuongoza roho za watu.

Wa kwanza ni sanguini, mtu mchangamfu: hupenda watu, husamehe upesi, lakini husahau ahadi upesi vile vile. Wa pili ni koleriki, mtu wa bidii na amri: huanza kazi na kuimaliza, ila hukasirika haraka na kutaka atiiwe. Wa tatu ni melankoliki, mtu wa mawazo mengi: ni mwaminifu na hupenda kazi iliyo safi, lakini huweka kinyongo na kuhuzunika kwa neno dogo. Wa nne ni flegmatiki, mtu mtulivu: hapendi ugomvi, ni mvumilivu, ila aweza kuahirisha kila jambo.

Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa Uswisi, alitoa kitabu juu ya namna za nafsi, akitofautisha mtu anayeelekea nje, kwa watu na mambo, na mtu anayeelekea ndani, katika mawazo yake mwenyewe. Kisha mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, na binti yake Isabel Briggs Myers waliyachukua mawazo hayo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia maswali yao yakaanza kutumika, yakiwagawa watu katika namna 16. Hapo ndipo zilipotoka zile herufi nne zinazoonekana leo katika simu.

Faida yake

Tusiyadharau yote. Ni kweli kwamba watu hawakuumbwa sawa, na mwenye kuijua tabia yake amepata mwanzo wa kujirekebisha. Tuchukue mfano. Mume koleriki amepata fedha ya mavuno, naye ataka kununua bati siku hiyo hiyo. Mkewe flegmatiki asema, “Tungoje, tuweke kwanza akiba ya mbegu na mbolea.” Mume amwona mkewe kuwa mzito, mke amwona mumewe kuwa mwenye pupa. Kumbe bila mume nyumba isingeezekwa, na bila mke shamba lisingelimwa mwaka wa pili. Wakijua kwamba mwenzao hakusudii kuwaudhi, bali aona mambo kwa jicho lingine, watakuwa wameuzima moto kabla haujashika paa.

Wala si lazima tabia zitofautiane ndipo ugomvi uje. Wakoleriki wawili watagombea usukani. Na waflegmatiki wawili watakaa miaka mitatu chini ya paa linalovuja, kila mmoja akimngoja mwenzake. Wahenga walisema: Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Hawakusema vikombe vya rangi fulani tu.

Kosa lake

Kosa laanza pale tunapoigeuza tabia kuwa hukumu. Wengi waliojibu maswali hayo mara mbili, kwa kupitisha majuma machache tu, walipata jina jingine mara ya pili. Kadhalika wataalamu wa nafsi wameona kwamba tabia ya mtu hubadilika kidogo kidogo kadiri anavyokua. Wengi huzidi kuwa waangalifu na watulivu. Basi twawezaje kujenga ndoa ya miaka hamsini juu ya jibu lisilodumu miezi miwili?

Tena, mwaka 2020 ilitolewa kazi ya wataalamu wengi, waliokusanya habari za wenzi zaidi ya 11,000. Walitafuta ni nini hasa kinachoonyesha kama watu wawili wanaishi vizuri pamoja. Yaliyoonyesha zaidi hayakuwa tabia ya huyu wala ya yule, bali mambo yaliyo kati yao: kuona kwamba mwenzangu ameshikamana nami, kwamba twathaminiana, kwamba magomvi hayakithiri. Mambo hayo hayapatikani kwa kuchagua namna ya mtu. Hupatikana kwa kutendeana mema kila siku.

Hata hapa kwetu wako wanaokwenda kwa mwenye kupiga ramli wakitaka kujua kama nyota za wachumba zapatana. Kanisa limekataza jambo hilo daima. Sasa yafaa tujihadhari tusilirudishe kwa mlango mwingine. Atakayemwacha mchumba mwaminifu kwa sababu ya herufi nne, ametofautianaje na yule aliyemwacha kwa sababu ya nyota? Mchagua nazi hupata koroma.

Maumbile si kilema

Hapa tushike tofauti moja iliyo msingi wa somo hili. Maumbile ni yale tuliyozaliwa nayo. Fadhila na kilema ni yale tunayoyafanya kwa maumbile hayo, mpaka yakawa mazoea. Kuwaka moyo upesi ni maumbile. Kumpiga mke ni dhambi. Kupenda watu ni maumbile. Kukosa uaminifu ni dhambi. Kunyamaza ni maumbile. Kumnunia mwenzako mwezi mzima ili aumie ni dhambi. Asemaye, “Mimi ndivyo nilivyoumbwa,” baada ya kumtenda mwenzake vibaya, amsingizia Muumba.

Mtakatifu Fransisko wa Sale, Askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622, alikuwa mwepesi wa hasira kwa maumbile, lakini kwa kujitahidi miaka mingi na kwa neema ya Mungu amejulikana ulimwenguni kote kwa upole wake. Maumbile ni udongo. Mfinyanzi ni neema ikishirikiana na hiari ya mtu.

Kwa hiyo tumwonye pia binti anayeambiwa, “Ni mkali tu, utamzoea.” Mchumba anayekutukana na kukutisha kabla ya ndoa hakuonyeshi tabia yake ya koleriki, akuonyesha mwenendo wake. Usitumaini kwamba pete itambadilisha. Na yule aliyekwisha kuolewa akawa anapigwa, asiambiwe kwamba ni tofauti ya tabia tu na kwamba avumilie. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yamruhusu mwenzi aliye katika hatari kubwa ya mwili au ya roho kwa sababu ya mwenzake, kutengana naye. Aende kwa paroko wake, kwa ndugu zake na kwa wenye mamlaka ya serikali. Kutafuta usalama si kuivunja Sakramenti.

Yawapasayo wachumba

Kanisa lafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wenyewe, wala hakuna mamlaka ya binadamu iwezayo kuiweka ridhaa hiyo badala yao. Ikiwa wazazi hawawezi kuridhia kwa niaba yako, sembuse simu! Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya familia, alisisitiza kwamba matayarisho ya ndoa huanza tangu utotoni, nyumbani, tena huendelea hadi siku ya harusi. Basi, wachumba, tumieni muda wenu kuyatazama haya:

1. Humtendeaje mtu asiyeweza kumfaidia: mtumishi, mgonjwa, mama yake mzee?

2. Akikasirika hufanya nini, na baada ya hasira aweza kusema, “Nisamehe”?

3. Aahidipo hutimiza? Akikopa hulipa?

4. Mwaweza kusema wazi juu ya fedha, watoto, kazi na jamaa za pande zote mbili?

5. Mwaweza kusali pamoja?

Majibu hayo hayapatikani siku moja. Yataka muda, macho na shauri la watu wanaokupenda kweli.

Nanyi mliokwisha kufunga ndoa, msikae kutafuta kama mlikosea namna. Ulizaneni jioni: “Leo nimekuudhi wapi? Nikusaidie nini kesho?” Mchangamfu ajifunze kutimiza ahadi, mkali ajifunze kungoja, mwenye mawazo ajifunze kusamehe, mtulivu ajifunze kuanza. Hayo ni matengenezo madogo, lakini ndiyo yanayoitunza nyumba.

Tukumbuke nyumba ya Bethania. Marta alikuwa mtu wa shughuli, Maria mtu wa kusikiliza, nao walikwaruzana mbele ya mgeni wao. Bwana Yesu alimrekebisha Marta, lakini hakumfukuza. Injili ya Yohane yashuhudia kwamba aliwapenda wote wawili, pamoja na ndugu yao Lazaro. Ndoa ambamo Yeye amekaribishwa ina nafasi kwa tabia zote.