SOMO LA HISTORIA: TUTEMBEE GONDAR

Ndugu wanafunzi, leo tutembee kwa mawazo siku moja katika Gondar, mji wa zamani wa Ethiopia.

Mbele, wafalme walihamahama na mahema. Karibu mwaka 1636 mfalme Fasilides akakaa pale, akajenga ngome ya mawe. Ukuta wake uko na metre 900. Inje ya mji tunakuta monasteri ya Kuskuam, ya malkia Mentewab.

Lakini mwaka 1888 Wamahdi wa Sudani walichoma makanisa mengi. Debre Berhan Selassie likabaki, na nyuso za malaika kwenye dari. Watu wanasimulia: nyuki ndio walifukuza adui.

Na sisi? Juzi tulifuta majina yaliyochorwa na makaa kwenye ukuta wa kanisa yetu. Adui hakutoka mbali. Nyuki wetu ni nani?