KUSAGA MENO USINGIZINI: TUITUNZE KINGA YA MENO

Leo tunazungumza juu ya watu wanaosaga meno wakiwa usingizini. Msagaji mwenyewe hasikii. Anayesikia ni yule anayelala naye. Wengine husema huyo ana minyoo, wengine husema karogwa. Basi dawa hutafutwa huku na huku, na meno yanaendelea kulika.

Tuliangalie jiwe la kusagia mtama. Linasaga, lakini nalo linalika. Meno ni hivyo hivyo. Gamba la nje la jino ni gumu kuliko mfupa, ila likishalika haliotI tena. Dalili ni hizi: meno kuwa mafupi na bapa, taya au kichwa kuuma asubuhi, na meno kupata ganzi ukinywa maji baridi. Wasiwasi, pombe na tumbaku huzidisha kusaga.

Mwenye dalili hizo aende kwa daktari wa meno. Hapa Mwanza wapo katika hospitali za Sekou Toure na Bugando. Daktari akiona inafaa, utapimwa na kutengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa juu ya meno. Kinga hiyo haiponyi kusaga. Kazi yake ni kulika badala ya meno yako. Kwa hiyo tuitunze hivi:

1. Piga mswaki kwanza, ndipo uvae. Ni ya wakati wa kulala. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani na kulala mchana, avae mchana.

2. Ukiamka, ioshe kwa mswaki laini na sabuni kidogo. Usitumie mchanga, majivu wala mkaa. Vitu hivi huikwaruza, na uchafu hujificha kwenye mikwaruzo.

3. Isuuze kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa. Usiisuuze ziwani. Maji ya ziwa yanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho, navyo hupenya hata ngozi ya ndani ya mdomo.

4. Usiitie maji ya moto, wala usiianike juani. Itapinda, na haitakaa tena mdomoni.

5. Ikikauka, iweke katika kikopo chenye matundu, mbali na watoto, panya na mbwa.

6. Usimwazime mtu, hata mumeo au mkeo. Ilipimwa kwa meno yako tu.

7. Ikipasuka, ikilegea au ikikuumiza, usiichonge kwa kisu. Rudi nayo kwa daktari.

Je, mtoto akisaga meno? Mara nyingi huacha akikua. Asivalishwe kinga ya mtu mzima. Aonwe na daktari.

Maswali ya kujadiliana

1. Kinga ya meno inafanya kazi gani, na haifanyi kazi gani?

2. Kwa nini tusiisuuze ziwani wala kwa maji ya moto?

3. Nyumbani kwenu nani husaga meno usingizini? Je, mmeshamwambia?