Mstaafu na Pikipiki Wakati wa Baridi

Ndugu zetu wa mpakani, kustaafu si kuitelekeza pikipiki ghalani. Wapo wazee wetu ambao, baada ya miaka mingi ya utumishi, huburudika kwa safari za asubuhi katika milima ya Kabale. Hatuwazuii; twataka warejee salama.

Baridi hutia vidole ganzi, na vidole vyenye ganzi huchelewa kukamata breki. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kuchelewa sekunde moja ni kusonga mbele takriban mita 17. Basi tuvae kofia ngumu, glavu na koti zito. Tupime upepo wa matairi, kwani baridi huupunguza. Na tungoje ukungu utoweke.

Wanaovuka Katuna kuingia Rwanda wana jambo la ziada. Uganda twaendesha upande wa kushoto, Rwanda upande wa kulia. Na mtu aliyechoka kwa baridi hufuata mazoea. Kwa hiyo tushuke mpakani, tunywe chai, tukunje na kukunjua vidole hadi vipate joto, ndipo tuendelee. Wahenga walinena: kawia ufike.