Rehani ya Mali Inayohamishika

Nilipokuwa kidato cha pili, mjomba wangu alinunua cherehani kwa jirani, akalipa fedha taslimu. Haikupita miezi miwili akaja mtu na karatasi: cherehani ile iliwekwa rehani kwake, na deni halijalipwa. Akaichukua. Mjomba hakukopa wala hakuiba, lakini hasara ikawa yake. Tangu siku ile nimetaka kujua sheria inasemaje.

Shamba likiwekwa rehani halitoroki, na habari zake zimo katika ofisi ya ardhi. Lakini ng'ombe, pikipiki au cherehani hubaki kwa mdaiwa, naye aweza kuuza usiku. Waingereza walitunga sheria juu ya hila hii mwaka 1878 na 1882: hati sharti ifuate maneno yaliyowekwa, kisha iandikishwe Mahakama Kuu, London, kwa muda wa siku saba. Lakini nani anunuaye gari kwa mtu atakwenda mahakamani kutazama daftari? Mwaka 2016 Tume ya Sheria ya huko ilishauri sheria hizo zifutwe, mnunuzi wa nia njema alindwe, na mdaiwa aliyekwisha lipa theluthi asinyang'anywe gari bila amri ya mahakama. Mwaka 2018 serikali ilisema haitapeleka mswada huo Bungeni.

Katika jambo hili sisi tumewatangulia. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2017, na Uganda mwaka 2019. Mazao, mifugo, mashine, hata fedha mtu anazowadai wengine, zaweza kuwekwa rehani. Mkopeshaji huandikisha haki yake katika daftari la kompyuta, na mtu yeyote aweza kutafuta humo. Asiyeandikisha, na kitu kikabaki kwa mdaiwa, hana nguvu juu ya mnunuzi.

Ila tusikilize vizuri. Kama mkopeshaji ameandikisha, haki yake hufuata kitu hata kwa aliyenunua. Anunuaye dukani, katika biashara ya kawaida ya mwenye duka, husalimika. Lakini mjomba alinunua kwa jirani. Kwa hiyo hata sheria mpya isingemfaa bila ya yeye kutazama daftari kwanza.

Mwaka jana alitaka kununua pikipiki. Nikamwambia, "Mjomba, kwanza tutazame daftari." Akacheka. Akasema muuzaji ni mtu wa kanisani kwao.