Kijiji kikubwa na huduma zake: somo kutoka Cranleigh, Uingereza

Tukisikia kijiji cha Uingereza wengi wetu hufikiria nyumba chache za mawe, kanisa la zamani na kondoo malishoni. Vijiji vya namna hiyo vipo. Katika somo hili, hata hivyo, tunatazama kijiji cha aina nyingine: Cranleigh, katika kaunti ya Surrey, kilomita kama 13 kusini-mashariki ya mji wa Guildford. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu pale watu zaidi ya 11,000. Wenyeji hupenda kusema kwamba ndicho kijiji kikubwa kuliko vyote Uingereza, na wapo wengine, kama wale wa Kidlington karibu na Oxford, wanaodai sifa hiyo hiyo. (Jina la Cranleigh zamani liliandikwa Cranley. Lilibadilishwa miaka ya 1860 kwa sababu barua zilikuwa zikipelekwa Crawley kwa makosa.)

Kwa nini pasiitwe mji? Si suala la idadi ya watu. Sheria ya mwaka 1972 inaruhusu halmashauri ya kijiji kupitisha azimio na kuanzia hapo kujiita halmashauri ya mji. Cranleigh haijafanya hivyo, na tunadhani wanapenda hivyo.

Kwa huduma za kila siku mtu hahitaji kwenda mbali. Yapo maduka na mikahawa, shule, maktaba, bwawa la kuogelea, kituo cha zimamoto, kanisa la Mtakatifu Nicolas, na jengo la shule ya zamani ambalo limegeuzwa kituo cha sanaa. Kisichopo ni treni. Reli ilifika mwaka 1865 na ikafungwa Juni 1965, katika kipindi ambacho reli nyingi za vijijini zilifungwa kufuatia ripoti ya Dr Richard Beeching ya mwaka 1963, iliyohesabu hasara kuliko ilivyohesabu watu. Mahali pa reli sasa pana njia ya waenda kwa miguu, baiskeli na farasi, yenye urefu wa kilomita 59 hadi pwani ya kusini. Ni njia nzuri, lakini haimfikishi mgonjwa hospitali. Asiye na gari hutegemea basi. Tangu mwaka 2008 wazee husafiri bure kwa mabasi ya kawaida popote England nje ya saa za msongamano wa asubuhi, ila kadi ya bure haisaidii kitu kama basi la mwisho limekwisha kupita.

Sasa tuulize: nani anaamua juu ya mambo haya? Ngazi ya chini kabisa ni halmashauri ya parokia. Msomaji asidhani ni baraza la wazee wa kanisa. Sheria ya mwaka 1894 ilitenga shughuli za kiserikali za vijijini na kanisa, jina tu likabaki. Madiwani wake kwa kawaida hawalipwi mshahara. Husimamia viwanja vya michezo, makaburi, na vishamba vya mboga ambavyo wakazi hukodi. Fedha hutoka katika sehemu ndogo inayoongezwa kwenye kodi ya halmashauri ya kila kaya. Mkazi anaiona sehemu hiyo kwenye karatasi yake ya kodi, hivyo anajua la kuuliza. Barabara, maktaba na shule ziko kwa mamlaka za juu zaidi.

Hospitali ndiyo habari yenye uzito kuliko zote. Mwaka 1859 daktari mpasuaji Albert Napper na kasisi wa pale, John Henry Sapte, walifungua hospitali ya vitanda 6 katika nyumba ndogo ya kijijini. Wakati ule maskini aliyevunjika mguu shambani alipaswa kubebwa kwa mkokoteni hadi hospitali kubwa ya mbali, au kutibiwa katika chumba chake chenye giza. Napper alitaka mgonjwa atibiwe karibu na watu wake. Mgonjwa alichangia kidogo kila wiki kadiri ya uwezo, na kiasi kilichobaki kililipwa na wafadhili wa eneo lile. Mpango huo uliigwa, na kabla ya karne ile kwisha zilikuwepo hospitali za vijiji kwa mamia nchini Uingereza.

Mwaka 1948 Huduma ya Taifa ya Afya ilianzishwa, na hospitali za namna hii zikawa za serikali. Matibabu yakawa bure, jambo ambalo hakuna anayelijutia. Lakini uamuzi nao uliondoka kijijini. Mwaka 2006 vitanda vya kulaza wagonjwa Cranleigh vilifungwa, zikabaki huduma za wagonjwa wa nje. Wanakijiji walikuwa wamechangishana kwa miaka ili kupata hospitali mpya. Hospitali hiyo haikujengwa kama walivyotarajia. Baadaye mpango ukawa wa nyumba ya kutunzia wazee, na ndani yake vitanda vichache kwa ajili ya jamii. Baadhi ya waliotoa fedha walisema wazi kwamba hicho sicho walichochangia.

Kwa wale wanaosoma katika kikundi, tunapendekeza mjadili hivi. Katika mwaka 1859, 1948 na 2006, nani alikuwa mwenye hospital ya Cranleigh, na nani alikuwa mtumiaji tu? Ingekuwa ninyi ndio mliochanga, mngetaka liandikwe nini kwenye stakabadhi siku ya kwanza, kabla mpango haujabadilika? Na mzee wa Cranleigh asiye na gari, akilazwa Guildford, nani atamtembelea jioni?