Matende: Kuutunza Mguu Uliovimba Nyumbani

Katika ukanda unaotoka Bunju kupitia Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo, kama ilivyo katika pwani yetu yote, matende ni maradhi ya tangu zamani. Wapo wanaoyahusisha na kurogwa. Chanzo chake ni minyoo myembamba kama uzi, iitwayo kitaalamu *Wuchereria bancrofti*, inayoenezwa na mbu. Minyoo iliyokomaa huishi miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu. Maji ya mwili hukosa njia ya kurudi, na mguu huvimba.

Tangu mwaka 2000, mpango wa taifa ulipoanzia Mafia, wananchi wamekuwa wakigawiwa kingatiba ya ivamektini na albendazoli. Dawa hizo huua vimelea wachanga walio katika damu na hivyo kukata maambukizi, lakini haziurudishi mguu uliokwisha kuharibika. Hapo ndipo wagonjwa wengi hukata tamaa, na baadhi ya wahudumu nao huona kazi yao imekwisha. Sivyo. Kinachouzidisha uvimbe mwaka hadi mwaka ni bakteria wanaopenya kwenye nyufa za ngozi, hasa katikati ya vidole palipochubuliwa na fangasi. Mgonjwa hushikwa na homa na kutetemeka, hutoka mtoki kinenani, na mguu huwa wa moto wenye maumivu makali. Kila shambulio huifanya ngozi kuwa nene zaidi na kurahisisha shambulio lijalo.

Kwa hiyo tiba kubwa ya kila siku ni beseni, maji safi yasiyo ya moto na sabuni ya kawaida. Osha kuanzia juu ya uvimbe kushuka hadi wayo. Pitisha kitambaa laini katika kila mkunjo na kila nafasi ya vidole, bila kusugua kwa nguvu. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha kausha kwa kugandamiza taulo polepole. Kukausha ndiko kunakosahaulika, nako ni nusu ya kazi, kwa maana fangasi hustawi penye unyevu. Penye nyufa paka dawa ya fangasi uliyopewa kituoni. Vaa viatu vipana visivyobana. Ukiketi au kulala, inua mguu, isipokuwa kama una ugonjwa wa moyo. Mara kwa mara zungusha kifundo na simama kwa ncha za vidole.

Shambulio likitokea, acha mazoezi, pumzika, kunywa maji mengi, weka kitambaa cha maji baridi na utumie parasetamoli. Usichanje mguu wala kupasua malengelenge. Mhudumu atoe antibiotiki kwa kufuata mwongozo wa tiba, na dawa za minyoo zisubiri shambulio lipite. Homa kali isiyoshuka, kutapika au kuchanganyikiwa ni sababu ya kumpeleka mgonjwa hospitali bila kukawia.

Wahudumu wakumbuke pia kwamba si kila mguu uliovimba ni matende. Miguu yote miwili ikivimba, chunguza moyo, figo na, kwa mjamzito, shinikizo la damu. Mwenye kidonda kisichouma apimwe kisukari. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma kwenye shavu la mguu, huenda damu imeganda katika mshipa. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.