Njiwa wa Mapambo: Mwongozo kwa Mfugaji Anayeanza Kagunga



Kagunga imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, jirani na mpaka wa Burundi. Nyumba zimekaribiana na eneo la malisho ni haba. Njiwa hahitaji malisho: banda la mita 2 kwa mita 1.5 linatosha jozi nne. Ndiyo maana ufugaji huu unawafaa vijana, akina mama na wazee wa kijiji kama hiki.

Njiwa wa mapambo hufugwa kwa uzuri wake. Njiwa wa kawaida ana manyoya 12 mkiani. Yule wa mkia wa tausi huweza kuwa na 30 au zaidi. Aina iitwayo Jacobin ina manyoya yaliyosimama kuzunguka kichwa. Wote wametokana na aina moja ya njiwa wa porini anayeishi majabalini. Charles Darwin aliwafuga nyumbani kwake Uingereza miaka ya 1850, na katika sura ya kwanza ya kitabu chake cha 1859 aliwatumia kueleza jinsi uchaguzi wa mfugaji unavyobadilisha viumbe. Uchaguzi huo ukiachwa, wakazaana ovyo, vizazi vichache tu vinatosha kuupoteza mkia ule wa tausi. Basi kazi yako kubwa ni kuamua nani azae na nani.

1. Banda

- Liinue angalau sentimita 60 kutoka ardhini, na miguu yake izuie panya na nyoka.
- Tumia wavu wenye matundu ya nusu inchi. Paka, vicheche na mwewe ni maadui wa kila siku.
- Wakati wa kiangazi upepo hutoka kusini-mashariki. Ziba upande huo, acha hewa ipite sehemu ya juu ya upande mwingine.
- Kila jozi ipate chumba chake cha kutagia, chenye nafasi ya viota viwili.

2. Kununua na kusafirisha

Anza na jozi mbili au tatu za aina moja. Kagua macho maangavu, pua kavu, kifua kilichojaa na kinyesi kilichoshikana. Usinunue dume na jike wa kiota kimoja ukawafanya jozi, kwa kuwa ni ndugu.

Ukiwaleta kwa boti kutoka Kigoma, tumia boksi lenye matundu ya hewa, liwe kivulini na mbali na moshi wa injini. Wakitoka ng'ambo ya mpaka, pata kwanza kibali na ukaguzi wa daktari wa mifugo. Njiwa yeyote mgeni akae peke yake siku 30 kabla ya kuchanganywa na wenzake. Usiwanase njiwa wa porini.

3. Chakula na maji

Njiwa mmoja hula takribani gramu 30 hadi 40 kwa siku. Changanya mahindi yaliyopasuliwa, mtama na ulezi pamoja na kunde au choroko. Nafaka yenye ukungu itupwe, hata kama ni ghali.

Njiwa hana meno, hivyo huhitaji changarawe ndogo za kusagia punje. Jike naye huhitaji chokaa ya kutengeneza maganda ya mayai. Okota maganda ya konokono ufukweni, yachemshe, yakaushe, uyaponde. Maji safi yabadilishwe kila siku. Chombo kiwe na kina cha kumwezesha kuzamisha mdomo, maana njiwa hunywa kwa kufyonza.

4. Kuzaliana

Wapandishe wakifikisha miezi sita au zaidi. Jike hutaga mayai mawili, la pili likifuata siku mbili baadaye. Huatamia kwa zamu: jike usiku, dume mchana. Baada ya siku 18 hivi makinda huanguliwa wakiwa vipofu. Siku za mwanzo wazazi wote wawili huwalisha maziwa ya njiwa yanayotengenezwa kwenye gole. Kwa hiyo usimwondoe mzazi hata mmoja.

Makinda huanza kujilisha wakiwa na wiki nne hadi tano, na mara nyingi mama huwa ameshataga tena. Usikubali uzazi usiokoma: mizao mitatu au minne kwa mwaka inatosha. Kisha tenganisha madume na majike wapumzike.

5. Daftari na pete

Kinda avishwe pete akiwa na siku saba hadi kumi, kabla mguu haujanenepa. Andika namba ya pete, wazazi, tarehe na kasoro. Daftari ndilo litakalokuzuia kuozesha ndugu, na ndilo litakalokuonyesha jozi inayotoa makinda bora. Wale wenye kasoro wasizae, hata kama unawapenda.

6. Magonjwa

- Mdondo (kideri): shingo kupinda, kutetemeka, kinyesi cha maji. Hauna tiba, uliza chanjo mapema.
- Ndui: vidonda mdomoni, machoni na miguuni. Huenezwa na mbu.
- Utando wa njano mdomoni na kooni: huua makinda haraka, lakini hutibika ukiwahi.

Mtenge mgonjwa siku hiyohiyo, umwite afisa mifugo wa kata. Usigawe dawa za binadamu kwa kubahatisha.

Vumbi la kinyesi hudhuru mapafu. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, vaa barakoa, nawa kwa sabuni. Mwenye kinga dhaifu ya mwili asifanye usafi wa banda.

7. Ujirani mwema

Dagaa huanikwa wazi ufukweni na kwenye vichanja. Njiwa aliyeachwa huru hutua hapo, na kinyesi chake huharibu chakula na kipato cha jirani. Vilevile huchafua mapaa yanayokinga maji ya mvua. Wafuge ndani, ukiwajengea uwanja wa wavu wa kujinyooshea mabawa. Hapo jirani hatapata hasara, mwewe hawatawanyakua, na damu ya aina yako haitachanganyika na ya njiwa wa mitaani.

Lengo la mwaka wa kwanza

Usiharakishe kuuza. Lea makinda, linganisha na wazazi wao, na ubakize wale tu waliowapita kwa afya na umbo. Mfugaji atakayefika mwisho wa mwaka akiwa na njiwa wachache wazima, wenye nasaba iliyoandikwa, ameshaweka msingi, na wenzake wote wa kando ya ziwa wanaweza kununua kutoka kwake kwa imani.